Siku Nilipolipeleka Koti la Verna Kupiga Kura

Haki ya Mungu, haya yote yametokea. Hakuna chumvi niliyoongeza hata punje. Kama nadanganya, kidole hiki ninachobonyezea simu kikauke sasa hivi.

Mwezi wa nne mwaka huu nililichukua koti la mke wangu, nikalikalisha kiti cha mbele cha gari, nikalifunga mkanda, nikalipeleka kupiga kura.

Mke wangu alikuwa ameshakufa tangu Februari.

Tulia. Nakuja huko.

Naitwa Arvid Nygaard. Ni mstaafu. Nilikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha jibini hapa Wisconsin. Shule niliiacha mapema, ninachokijua nimekiokota njiani na vingine nimejitungia. Mji mzima unanifahamu kwa uongo. Si uongo wa kumliza mtu. Ni ule wa kunogesha kahawa. Kwa mfano samaki niliyemnasa kwenye ziwa lililoganda, akaburuta kibanda changu cha kuvulia, jiko na mimi mwenyewe hadi ng'ambo. Hiyo nimeisimulia mpaka watu wa ng'ambo wameanza kudai walinipokea.

Mke wangu Verna alikuwa kinyume changu. Mwalimu wa sekondari. Alifundisha lile somo gumu la Serikali ya Marekani, ambalo mtihani wake unafanywa nchi nzima mwezi wa tano, na ukifaulu vizuri, chuo hakikufundishi tena. Alama ya juu ni tano. Watoto walilia darasani kwake, halafu wakirudi likizo kutoka chuoni wanakuja kumkumbatia dukani.

Nyumbani kwetu kulikuwa na sheria moja.

Nikidanganya, Verna anagonga meza kwa mwiko. Ko! "Napinga!"

Ukipingwa, unalipa. Hulipi pesa. Unasimama, unanyoosha mkono wa kulia kama shahidi mahakamani, unasema jambo moja la kweli ambalo hujalipamba.

Mimi nililipa sana, jamani. Ndoa nzima nimeimaliza nimesimama.

Basi, baada ya mazishi nikawa nakaa tu. Simu inalia, naiangalia. Mlango unagongwa, nanyamaza kama mwizi.

Siku moja sijui kilichonipata, nikapokea.

"Halo? Samahani, hapo ni kwa Mwalimu Nygaard?" Sauti ya binti.

Kabla akili haijafika, mdomo ukawa umeshatangulia.

"Ndiyo hapa. Yuko bafuni anaoga. Nimwambie nini?"

"Halo?" nikaita.

"Nipo," akasema taratibu. "Naitwa Nhia Moua. Niko mwaka wa mwisho. Mimi... natafuta mtu wa kunifundisha pembeni lile somo la Serikali. Mwalimu mpya anasoma tu kilichoandikwa ukutani, kengele ikilia anatoka. Sielewi kitu. Na niliahidi kupata tano."

"Ulimwahidi nani?"

"Mtu mmoja."

"Subiri nimuulize."

Nikafunika simu kwa kiganja. Nikasimama pale jikoni, mzee mzima, namngoja maiti atoke bafuni.

"Anasema njoo Jumamosi," nikasema. "Ila hatashuka. Nyonga inamsumbua. Utaniuliza mimi, nitapanda kumuuliza yeye, nitakuletea jibu."

"Sawa, mzee. Nitakuja."

Nikakata simu, moyo unaenda mbio kama wa kijana. Unajua kwa nini? Kwa sababu ndani ya yale maneno Verna alikuwa hai. Anaoga. Ana nyonga mbovu. Ana ratiba ya Jumamosi.

Nikasema, ngoja nimbakize hivyo hivyo kidogo.

Jumamosi ikafika. Binti mwenyewe mfupi, miwani mikubwa, buti za theluji amezivua mlangoni bila kuambiwa. Mkononi ana bakuli.

"Mama amekaanga mikate hii ya kukunja ya nyama. Yako na ya Mwalimu."

Juu nilikuwa nimewasha redio, sauti ya chini. Mimi ni mwongo wa viwango, sifanyi kazi nusu nusu.

Nikapanda na sahani ya Verna. Nikakaa upande wake wa kitanda. Nikala yote mimi. Nikashuka na sahani tupu.

"Amesemaje?"

"Amesema tamu, ila chumvi imezidi kidogo."

Nhia akanitazama juu ya miwani. "Mwalimu amesema hivyo?"

"Haya, uliza swali, binti. Umekuja kusoma au kunihoji?"

Akafungua kitabu. "Serikali ya taifa na serikali za majimbo. Nani ana mamlaka gani, na wakigongana inakuwaje. Sielewi kabisa."

Nami sikuelewa. Nikapanda. Nikakaa pale kitandani, nikauliza kwa sauti, "Verna, mtoto anauliza majimbo na taifa. Nimwambieje?"

Na akanijibu. Naapa, akanijibu. Sauti yake ile ile, ya kukereka.

Nikashuka mbio.

"Anasema hivi: jiko ni la taifa, na taifa ni yeye. Gereji ni jimbo, na jimbo ni mimi. Yeye haingii gereji kunipangia spana, na mimi siingii jikoni kumpangia sufuria. Lakini bafu tunagawana, na vita vyote vya nchi hii viko bafuni."

Nhia akacheka mpaka akavua miwani. Halafu akainamisha kichwa, akaandika muda mrefu sana, kama mtu asiyetaka kuinua uso.

Ikawa hivyo kila Jumamosi. Akaniuliza rais akikataa sheria iliyopitishwa, wabunge wanaipindua vipi. Nikapanda, nikashuka.

"Lazima wapate theluthi mbili, pande zote mbili za bunge. Anasema nilipotaka kununua boti alinikatalia, nikatafuta theluthi mbili, lakini kura zilikuwa tatu: yangu, yake na ya mbwa. Mbwa akamfuata aliyeshika chakula."

"Hiyo ya mbwa ni ya Mwalimu au yako?"

"Unataka kufaulu au hutaki?"

Na kila akiondoka, akishafunga buti, alikuwa anasimama chini ya ngazi na kuita, "Asante, Mwalimu!"

Namsubiri atoke, halafu najibu moyoni kwa niaba yake.

Jirani yangu Gordy aliliona gari la mama yake Nhia likimshusha. Akaniuliza kwenye uzio, "Arvid, siku hizi una wageni?"

"Wa Verna," nikamwambia.

Gordy akaokota sepetu yake ya theluji, akarudi kwake.

Sasa ngoja nikupe ile siku nilipojitega mwenyewe.

Ilikuwa Machi inaisha. Nhia amemaliza maswali, anakusanya vitu.

"Mzee, Jumanne ya uchaguzi nitakuwa nafanya kazi kituoni. Kule kwa zimamoto. Wanachukua na wanafunzi. Nitakaa mezani kupokea wapiga kura."

"Hongera sana!"

"Kwa hiyo nitamwona Mwalimu."

Wewe msomaji hukumjua Verna. Uchaguzi wa Aprili kwetu ni ule mdogo, wa majaji na bodi ya shule, watu hata hawaukumbuki. Verna hakuwahi kuukosa hata mmoja. Alienda na homa. Alienda na mguu uliovunjika, nikamsukuma kwa toroli. Mtu akimwambia hakupiga kura, alikuwa anamtazama kama amekiri kula mbwa.

Yaani ningeweza kudanganya amelala. Ningeweza kudanganya hataki wageni. Ila kudanganya kwamba Verna yu hai na hatapiga kura? Hakuna mtu mji huu angeimeza hiyo.

"Nyonga, binti," nikasema. "Hawezi kuingia."

"Si lazima aingie. Asiyeweza kutembea anapigia kura kwenye gari. Tunamletea karatasi hapo hapo nje. Ndiyo sheria." Akanitazama. "Yeye ndiye aliyetufundisha."

"Basi tutakuja," nikasema.

Jumanne theluji ikadondoka, ikafika madirisha ya ghorofa. Nikachukua koti la bluu la Verna. Nikaweka na kofia yake ya sufu. Mpango wangu? Nitaegesha mbali. Nitaingia peke yangu, nitasema yule pale garini, mnamwona? Amebadili mawazo, kichwa kinamuuma. Watachungulia dirishani, wataona bluu, nitatoka salama. Sikutaka kupiga kura yake, sikiliza vizuri. Nilitaka tu aonekane amekuja.

Nikafunga koti mkanda. Mkono wake mmoja ukaanguka juu ya mkono wangu. Nikashindwa kuwasha gari kwa muda.

Nikaegesha mwisho kabisa wa uwanja wa zimamoto. Kabla sijafungua mlango, namwona Nhia anakuja kwenye theluji, beji kifuani, donati mkononi. Yuko mapumziko.

Akafika upande wa abiria. Akachungulia.

Nikaanza, "Amesinzia, usimsum—"

Akafungua mlango.

Hakupiga kelele. Alifungua mkanda polepole, kama unavyomfungua mtu mgonjwa. Akalinyanyua koti, akakaa kwenye kiti, akalipakata. Akafunga mlango.

Vioo vikaingia ukungu.

Halafu akainua mkono, akagonga dashibodi. Ko.

"Napinga, Mzee Arvid."

Sikuwa nimelisikia neno lile tangu Februari.

"Umejua lini?" nikauliza.

"Mzee, mimi niko kwaya ya shule. Niliimba mazishini. Nilikuwa mstari wa mbele. Ulikuja ukatupa mkono wote, ukaniambia nimeimba vizuri."

Sikukumbuka. Nakuapia, uso ule sikuukumbuka hata kidogo. Siku ile nilipita kama mtu aliye chini ya maji.

"Sasa mbona ulipiga simu ukamuulizia?"

"Sikumuulizia. Niliuliza kama hapo ni kwake. Nilitaka kukuomba maswali yake ya mazoezi, kama hujayatupa. Ukaniambia anaoga." Akafuta miwani kwa ncha ya koti. "Ningesema nini?"

"Na ukaja kila Jumamosi."

"Mara ya kwanza nilikuonea huruma. Halafu ukashuka na ile habari ya bafu. Mzee, ile alitusimulia darasani, hivyo hivyo. Nikasema, huyu anaye. Sijui amemweka wapi, lakini anaye. Ningeacha kuja? Niliyemwahidi tano ni yeye."

Mzimamoto mmoja akapita, akatupungia. Tukampungia.

"Umepingwa, mzee," akasema Nhia. "Na sheria yenu ya mwiko alitusimulia pia. Lipa."

Ndani ya gari huwezi kusimama. Nikanyoosha mkono wa kulia, ukagonga dari.

Nikasema.

"Asubuhi ile ya Februari nilikuwa nakaanga mayai. Verna yuko mezani nyuma yangu na gazeti. Nikamwambia nimemwona kulungu uani amevaa miwani ya kusomea. Nikangoja mwiko. Haukugonga. Nikaongeza, yule kulungu ameniomba gazeti. Kimya. Nikaongeza tena, na tena. Niliendelea kudanganya mpaka mayai yakaungua, kwa sababu nilishajua. Nilijua nikigeuka basi."

Nhia akanishika ule mkono ulioko darini, akaushusha.

Akala nusu ya donati, nusu akanipa. Akarudi kazini.

Nikaingia baadaye, nikapanga foleni peke yangu. Nikafika mezani kwake.

"Taja jina lako na unapoishi," akasema, macho kwenye meza.

"Si unanijua, binti?"

"Sheria ni sheria."

"Arvid Nygaard. Mtaa wa Birch, nyumba ya kijani." Na bila kuulizwa nikaongeza, "Naishi peke yangu."

Ndiyo mara ya kwanza kuisema.

Jumamosi zilizobaki Nhia alikuja kama kawaida. Sikupanda tena juu. Nilijibu nikiwa nimekaa, na pale nisipojua nilisema sijui, tukatafuta kitabuni. Mwezi wa saba akanitumia ujumbe wa tarakimu moja tu: 5. Koti la bluu yuko nalo. Linamvuka magoti, lakini huko chuoni aendako kuna baridi.

Funzo langu kwako ni hili. Kama nyumbani kwako kuna mtu anayekupinga kila ukifungua mdomo, usimwombe anyamaze. Siku akinyamaza utatembea mji mzima unatafuta mtu wa kukuambia umedanganya.

Nilitaka kuishia hapo.

Ila Nhia yuko hapa mezani, amekuja kuaga, na nimempa simu asome kabla sijarusha mtandaoni. Amesema theluji ya Jumanne ile ilifika kwenye soli za viatu. Amesema toroli haamini. Hayo nimeyakubali bila ubishi.

Halafu akayarudisha maandishi nyuma, pale nilipoapa kwamba Verna alinijibu. Akanyanyua mwiko.

Ko.

Haya. Nimesimama. Mkono wa kulia uko juu, naandika kwa wa kushoto.

Hakunijibu. Hata Jumamosi moja. Nilikuwa nauliza, redio inaongea peke yake, nami nakaa pale mpaka nikumbuke alichowahi kusema wakati mimi nadhani simsikilizi.