Kaka Mchanganya Rangi na Damu Yetu

Kaka yangu anachanganya rangi katika duka la vifaa vya ujenzi. Mteja akija na kipande cha plasta kilichobanduka ukutani, akasema anataka rangi kama ile, Kaka haendi kwenye mashine. Anakikodolea macho kile kipande, anamimina hiki, anaongeza kile, anakoroga na kijiti, kisha anapaka tone juu yake. Likikauka hulioni tena. Mashine ipo, imefunikwa gunia. "Hiyo ni ya wavivu," husema. Ni mtu wa maneno mengi na majivuno yasiyoumiza mtu, na mimi mdogo wake nimemvumilia maisha yangu yote.

Rangi zinazokataliwa na wateja huzibeba nyumbani. Na watu hukataa njano kuliko zote. Wanaipenda ikiwa koponi, ikifika ukutani wanajuta. Kwa hiyo nyumba ya Kaka ni ya njano kuanzia barazani hadi chooni. Ukikaa sebuleni kwake alasiri unageuka njano wewe, na kikombe chako, na maziwa yaliyomo. Hata Wifi, mkewe, ambaye ni mweusi wa kung'aa, alikuwa anaonekana kama kapakwa binzari. Tulimcheka Kaka kwa hilo miaka na miaka. Ndiyo maana ugonjwa ulikaa katika nyumba ile wiki nyingi, ukila na kulala nasi, na hakuna aliyeuona.

Alianza kujikuna. Mikono, tumbo, nyayo. Akasema ni thina ya kuzimulia rangi, siku hizi wanatengeneza thina mbovu. Alikonda, akadai suruali zimelegea kwa kufuliwa. Mkojo wake ulikuwa mweusi kama chai ya mkandaa isiyo na maziwa, lakini hilo hakumwambia mtu. Mwanamume mzima, ataanzia wapi?

Mimi ni msusi. Kuta za saluni yangu ni nyeupe, maana nilikataa katakata asizitie mkono, na kuna kioo kikubwa chenye taa kali juu yake. Siku moja alikuja kunitengenezea bawaba ya mlango. Alipomaliza, akajibwaga kwenye kiti cha mteja, akainua macho. Nilikuwa nyuma yake na kitana mkononi. Tuliona kwa pamoja. Weupe wa macho yake haukuwepo.

Alisogea hadi pua ikagusa kioo, akavuta kope chini kwa kidole. Nilimwona anaitafuta, kama anavyofanya dukani, ni njano ipi hii.

"Hii ni ya Baba," akasema.

Baba yetu alikufa akiwa wa njano. Kabla yake alikufa hivyo hivyo Shangazi, dada yake Baba. Watu walisema nyongo imepasuka, tukazika, tukafunga mdomo. Sijui Kaka alijidanganyaje miaka yote hiyo; mimi nilijiambia kwamba ulikuwa ugonjwa wa wazee.

Daktari aliyetupokea alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya chini, na upole wake ndio uliozidi kunitisha. Alituonyesha picha. Hili ini, hii mirija inayopeleka nyongo kwenye utumbo, na hapa kuna uvimbe umeukaba mrija, nyongo imekosa pa kupita, imerudi kwenye damu. Waliingiza kijibomba kuzibua njia, wakanyofoa na kipande cha nyama wakapime. Majibu yakaja: saratani. Na ilikuwa imekaa pabaya, haikatiki kwa kisu. Zilibaki dawa.

"Dawa zenyewe ni za aina nyingi," daktari alisema. "Ili tuchague, inabidi tuujue huu uvimbe. Kila chembe ya mwili ina maelekezo yake ya kuishi, ndiyo tunayoyaita jeni. Maelekezo yakiharibika, chembe inasahau kuacha kuzaana. Saratani za mirija ya nyongo zinafanana kwa macho tu. Kwa mgonjwa huyu imeharibika jeni hii, kwa yule ile, na baadhi yake zina dawa inayolenga palepale."

"Zinaharibika vipi?" Wifi aliuliza.

"Mara nyingi zinaharibikia humo humo mrijani, mtu akiwa mkubwa. Pengine kwa mrija kuwa na vidonda vya muda mrefu, pengine mawe ya nyongo, pengine hatujui. Hizo zinaishia kwa mgonjwa, haziendi kwa mtoto. Lakini wapo wachache wanaozaliwa na kasoro, iko mwili mzima, wameirithi." Akamgeukia Kaka. "Baba yako na shangazi yako walikwenda hivi. Kwa hiyo naomba nipime na damu yako."

Kaka alikuwa ameshanyoosha mkono. Akaurudisha chini ya shuka.

"Pimeni uvimbe," akasema. "Damu yangu iacheni."

Sikuhitaji kuuliza sababu. Ana mtoto mmoja tu, binti, tunamwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haujui likizo. Chiriku alikuwa na mimba yake ya kwanza, tumbo limeshachomoza.

Tulibishana na Kaka mpaka wagonjwa wenzake wakatuzoea. Wifi alilia, mimi nikafoka.

"Kaka, daktari kasema, ikiwa ni ya kurithi huenda kuna dawa inayoiweza zaidi. Unakataa dawa?"

"Ikiwa ni ya kurithi, basi na wewe unaweza kuwa nayo," alinijibu. "Unataka kujua?"

Mimi ni mkali, kila mteja wangu analijua hilo, lakini pale niliinama nikaanza kumkunjia shuka. Nilikuwa naogopa. Niliogopa kwa ajili yangu, si kwa ajili yake, na hofu yenyewe nilikuwa nimeificha nyuma ya ugonjwa wake. Nilitaka apone na nilitaka damu ile isipimwe kamwe. Nilijua siwezi kupata yote mawili.

Aliyemaliza ubishi ni Chiriku. Aliingia wodini, akakaa ukingoni mwa kitanda, akashika kiuno.

"Baba, toa mkono."

"Wewe hujui haya mambo."

"Mama kaniambia yote. Kama ninayo, ninayo, upime usipime. Wewe ndiye utakayekosa dawa bure. Toa mkono."

Kaka alisukuma shuka pembeni. Kisha akatoa mkono, na muuguzi alipomchoma aligeuza uso akatazama ukuta.

Kasoro ilikuwamo kwenye damu. Daktari alieleza kwamba maelekezo ya mwili huchubuka kila siku, kwa kila mtu, na kuna jeni ambazo kazi yake ni kuyakarabati. Kaka alizaliwa na moja ya hizo ikiwa mbovu, nakala aliyorithi kwa Baba, na katika uvimbe hata nakala nzima aliyorithi kwa Mama ilikuwa imepotea. "Na hapo ndipo tunapoukamata," alisema. "Dawa ya dripu inauvunja, nao hauna wa kuukarabati." Wifi alijifunika uso kwa mtandio, akamshukuru Mungu. Kisha daktari akasema sentensi ya pili: kila mtoto wa Kaka, na kila ndugu yake wa baba mmoja, ana nafasi nusu kwa nusu ya kuwa nayo. Kuwa nayo si kuugua, alisisitiza, ila aliye nayo lazima achunguzwe maisha yake yote. Wifi alishusha mtandio polepole.

Dripu zilimtapisha Kaka, zikamchuna midomo, lakini uvimbe ulinywea. Daktari hakusema amepona. Alisema tumepata muda. Kaka akarudi dukani, asubuhi tu, kwenye stuli.

Mimi na Chiriku tukaenda kupimwa. Zile siku za kungoja majibu sitaki kuzikumbuka. Kila nilipowashwa mwilini moyo ulinilipuka; mbu akiniuma nilimshukuru kwa kuacha alama. Niliwasimamisha wateja mlangoni, kwenye jua, wanitazame macho. Walidhani nimerukwa na akili.

Siku ya majibu niliingia mimi kwanza. Sikuwa nayo. Nilitoka nacheka peke yangu kama mlevi, nikaketi. Akaingia Chiriku. Alipotoka alipita mbele yangu akielekea getini, nami nikamfuata.

Tulimkuta Kaka nyuma ya duka, anakoroga kopo la rangi nyeupe. Hakutusalimia.

"Nani?" aliuliza.

"Mimi, Baba. Shangazi hana."

Kijiti kilisimama. Akakiinua, rangi inadondoka.

"Ningejua," akasema, "nisingezaa."

Chiriku aliweka mkono juu ya tumbo. Hakukasirika. Aliuliza kwa sauti ndogo, sauti ya mtu anayetaka kweli kujibiwa.

"Mimi sasa najua, Baba. Na wangu yuko humu. Na yeye nimwambie hivyo?"

Kaka akasema hapana. Akasema hapana tena, kwa nguvu, akaangusha kijiti, akamshika binti yake mabega kwa mikono yenye rangi. Mimi nilibaki mlangoni na damu yangu salama, nikiwaogopea watu watatu, na mmoja wao hajazaliwa.