Unaitaka Sasa, Mzigo Umeisha?

Nakumbuka asubuhi moja ya siku ya soko, mwanangu, bibi yangu aliponipa panga wakati mimi nilitaka kitu cha kuweka kichwani.

Nilikuwa darasa la pili. Tuliishi Nyakahura, mimi na bibi mzaa mama, ambaye ndiye aliyenilea. Yeye alizaliwa Keza, upande wa Ngara, akaolewa huku Biharamulo, kwa hiyo nyumbani tulisema Kihangaza. Kiswahili kilikuwa kitu cha shuleni, kama chaki. Asubuhi ile alinifungia maharage kwenye kigunia, nami nilihitaji ule mviringo wa majani makavu ya mgomba unaotangulia kichwani kabla ya mzigo. Nikafungua mdomo kuutaja. Jina halikuja. Jina nililolijua tangu kuzaliwa! Likaja neno la Kiswahili, ambalo mwalimu alikuwa ametufundisha kwa picha.

"Bibi, nipe kata."

Kiswahili cha bibi kilikuwa cha sokoni: punguza, ongeza, kata. Akaingia jikoni, akatoka na panga.

"Haya. Unakata nini?"

Mtoto mwingine angecheka. Mimi nililia. Shuleni, mwanafunzi mmoja mkubwa aliyependa kututisha alikuwa ametuambia kwamba kichwa ni kama kihenge: kikijaa, ukimimina nafaka mpya huku, ya zamani inamwagika kule. Basi nikajua kumwagika kumeanza. Leo limetoka neno moja, kesho matano, na mwisho nitakaa jikoni na bibi yangu kama mgeni aliyeshushwa na lori, tukionyeshana vitu kwa vidole.

Bibi akaupata mwenyewe ule mviringo, akaniwekea, akanitwika. Tukashika njia. Yeye alikuwa na mkungu wa ndizi kichwani.

"Sirudi shule," nikasema.

"Umepigwa?"

"Hapana. Kiswahili kinakutoa."

"Kinanitoa wapi?"

"Kichwani."

Akasimama. Mwenye mkungu kichwani hamwinamii mtoto, huinamisha macho tu. Nikamweleza habari ya kihenge, kwikwi zikinikata maneno.

"Nilipoolewa hapa," akasema, "sikujua Kisubi hata cha kumwomba mama mkwe chumvi. Nilikula bila chumvi mpaka nikajifunza. Kihangaza kilinitoka? Wewe nilikubembeleza kwa lugha gani?"

"Kihangaza."

"Basi, e mtoto! Kichwa si cha kujaza, ni cha kubebea. Ukibeba, shingo inakomaa. Usipobeba inabaki kama hiyo yako, ya kuku."

Sikuridhika moja kwa moja. Huyu ndiye bibi aliyewahi kuniambia kwamba nikimeza mbegu ya chungwa nitaota matawi. Lakini sokoni nilimfuata kwa masikio. Aliulizana hali na jirani kwa Kisubi. Kwa mama muuza maziwa alitoa Kisukuma cha maneno machache na mikono mingi. Dereva wa lori aliposimama, akamrukia kwa Kiswahili: "Chukua, baba, zimeiva hizi, ni kura tu!"

"Bibi, uchaguzi bado!" dereva akajibu, na soko zima likacheka, bibi akicheka kuliko wote. Kisha akanigeukia na kunisema kwa Kihangaza kwa sababu nilikuwa nimekalia ndizi. Hakuna hata neno lililopungua. Alinisema kikamilifu.

Tulipokuwa tunarudi, mikono mitupu, nikiwa nawaza mambo ya panzi, lile jina likaingia lenyewe kama mbuzi anayejua kwao.

"Ingata!" nikapiga kelele. "Bibi, ingata! Ingata!"

"Unaitaka sasa, mzigo umeisha?"

Mwanangu, nimepata nafuu nyingi tangu siku ile, lakini hakuna iliyonishusha mabega kama hiyo. Nilikimbia mpaka nyumbani nikiliimba. Jumatatu nilikuwa wa kwanza kufika darasani.

Miaka ikapita, nikafika chuo kikuu, huko tunakolipia ada ili tuambiwe alichosema bibi. Ila haki yake tumpe mwalimu wangu wa isimu, maana yeye alijua sababu. Alisema anayejua lugha mbili huziamsha zote kila anapofungua mdomo, na ubongo hulazimika kuishika moja ili nyingine ipite. Ndiyo maana neno hukwama mlangoni. Halijapotea, limesukumwa tu na mwenzake. Akasema pia kwamba wanaoupiga ubongo picha wameona kuwa lugha ya pili huugusa wenyewe: sehemu nyingine huongezeka unene, na njia zinazoziunganisha huimarika, kama kijia kinavyokuwa barabara kwa kukanyagwa. Ni kwa kiasi gani, hapo bado wanabishana. Mimi niliyekaa nyuma nilipapasa shingo yangu. Ilikuwa bado ya kuku, lakini nilifarijika.

Nakuandikia haya kwa sababu juzi, uliporudi kutoka bweni, uliniambia, "Baba mdogo, Kiingereza kinakula Kihangaza changu." Nikaona panga mkononi mwa bibi. Usiogope. Haba na haba hujaza kibaba, ndiyo, lakini kichwa si kibaba. Wazee husema mwacha asili ni mtumwa. Wanasema kweli, ila anayeongeza hajaacha. Neno likikukwama, usilikimbize wala usilie. Sema lililo karibu, ukipewa panga pokea, cheka, endelea na safari. Ila njia isiyopitwa huota nyasi, kwa hiyo mpigie bibi yako simu. Usimtumie ujumbe, mpigie. Mwache akuseme kwa Kihangaza mpaka achoke.

Nenda, mwanangu, ujifunze na ya tatu. Mungu asikupunguzie mzigo. Akukomaze shingo, na kila utakapotwikwa, ingata iwe imetangulia.