Ng'ombe wa Tiketi

Nangila alipoenda Qatar kufanya kazi za nyumbani, alimwachia mamake, Agneta, pesa ya tiketi ya kumrudisha mambo yakiharibika. Agneta hakuiweka kwa simu. Ndugu zake wa Bungoma hunusa pesa kutoka mbali: leo matanga, kesho karo. Akanunua ng'ombe. Nani atakuja kukopa mguu wa ng'ombe?

Jumatatu Nangila alipiga simu. "Mama, wamenifukuza. Niko nje na begi. Uza ng'ombe."

Agneta alimswaga mpaka soko la mifugo la Kitale. Lango lilikuwa na kufuli. Ati ugonjwa wa miguu na midomo umeingia, hakuna mnyama kuuzwa hadi serikali itangaze.

Simu ikalia tena. Ng'ombe alisimama akicheua, mnono, mzima, na hakuna mtu angeweza kumchukua.