Wanasesere wa Mpakani

Juzi nilikwenda Endabash kumjulia hali dada yangu, anayesumbuliwa na magoti. Njiani, pale njia inapopita kati ya shamba letu na la jirani, nilimkuta bibi mmoja akiokota kuni. Nikamwamkia. Alinitazama, akatema mate pembeni, akaendelea na kuni zake. Sikushangaa. Alikuwa rafiki wa dada yangu, na ugomvi wa nyumba zetu mbili umewazidi umri watoto wetu wote. Ulianza kwa wanasesere, na usicheke mpaka umenisikiliza.

Siku zile dada na rafiki yake walikuwa na mji mdogo kwenye ukingo wa mpaka. Nyumba ilichimbwa ubavuni mwa mteremko kama ile nyumba ya zamani ya bibi yetu, ambayo paa lake la udongo lilikuwa sawa na ardhi hata mbuzi wakalipanda. Watu walikuwa magunzi ya mahindi, kila mmoja na shuka lake la vitambaa vilivyoanguka chini ya cherehani ya mama wa yule rafiki. Kulikuwa na kinu kisichozidi kidole gumba, jiwe la kusagia, kitanda cha fito, vibuyu vya maziwa, na kopo la samaki lililofanywa gari la watalii wanaokwenda Ngorongoro, na mzungu wa udongo ndani yake amevaa kisoda kichwani. Lakini utajiri wao ulikuwa ng'ombe. Bibi yetu ndiye aliyewafundisha kufinyanga. "Kwanza nundu," alikuwa akisema, "macho yatakuja yenyewe." Pembe zilikuwa miiba. Kila msimu walifinyanga wengine, wakawaanika kivulini wasipasuke, na wale wa zamani hawakutupwa. Mpaka leo nikisikia harufu ya udongo mbichi kinywa kinanijaa ladha ya mahindi ya kuchoma, kwa sababu ndivyo walivyonilipa nikiwachotea maji.

Wakaniambia mji wao hauna miti. Huku kwetu mpaka wa shamba ulikuwa mawe. Jirani, yaani huyo mama mwenye cherehani, aliyekuja kutoka Kilimanjaro kufungua duka, alikuwa amepanda masale nyuma ya mawe hayo, mmea ambao kwao ndio alama ya mpaka. Mimi niliona majani mazuri yasiyokauka upesi, basi. Nikakata vipande kwenye mstari wake mwenyewe, nikavichomeka kuuzunguka mji, hatua chache ndani ya shamba lake. Mvua ndogo ikanyesha, vikashika mizizi.

Yule mama alipoviona alikuja uani kwetu na kanga kiunoni, hakuamkia mtu.

"Baba huyu, unanihamishia mpaka?"

"Mpaka gani? Watoto wanacheza," baba alisema.

"Mtoto gani anacheza na masale? Umemtuma. Hata kuiba mwenyewe unaogopa, unatanguliza mtoto."

Baba angeweza kucheka, akanivuta sikio, yakaisha. Badala yake alisimama. "Mama, ulikuja hapa na mabegi mawili. Hayo mawe uliyakuta. Leo unanifundisha mpaka?"

Kufikia jioni walikuwa wametukanana mpaka wazee waliokufa. Balozi wa nyumba kumi aliletwa, akatazama, akakuna kichwa. Yule mama hakukubali mtu ayang'oe masale yaliyokwisha kushika mizizi, alitaka yabaki yawe ushahidi. Kuyaacha baba naye aliona kama kukiri. Balozi akaamua kwamba pasikanyagwe na mtu yeyote mpaka wakubwa wake wafike. Hawakufika.

Na mji ulikuwa ndani ya pale, na masika yalikuwa karibu. Udongo usiochomwa haustahimili mvua kubwa. Kila mwaka kabla ya masika wasichana waliwahamishia ng'ombe wote jikoni kwa bibi.

"Baba, nitoe ng'ombe tu," dada alimwomba. "Nyumba nitaiacha."

"Ukikanyaga pale umekiri kosa. Unataka tuitwe wezi?"

Upande wa pili rafiki yake aliomba vilevile, akachapwa. Bibi alinung'unika kwamba watu wazima wamepatwa na wazimu, lakini naye hakuvuka. Dada akanijia mimi. Mimi ndiye niliyekuwa na miguu myepesi, na kwa dakika moja tu ningemaliza. Lakini nilikuwa nimeshayanywa maneno ya baba yakanilewesha. Nilimjibu, "Waache walowe na masale yao." Nimeyasema maneno mengi mabaya maishani, na mengi nimeyaombea radhi. Hayo bado.

Mvua ilishuka mchana. Nilimkuta dada amesimama upande wetu, gunia kichwani. Rafiki yake alikuwa upande wao. Katikati paa lilibonyea, likatumbukia. Ng'ombe walianza kupoteza pembe, kisha nundu, kisha wakawa tope jekundu linaloteremka na magunzi yakielea juu yake. Hakuna aliyelia. Nilidhani wataitana.

"Nyie ni wezi wa ardhi," rafiki yake akasema. Hata mkono kauweka kiunoni kama mama yake.

"Na nyie watu wa kuja. Rudini mlimani kwenu."

Yule binti alizaliwa Endabash. Huo mlima alikuwa hajawahi kuuona.

Sasa wazazi wenye ugomvi wote wamezikwa. Watoto wa siku hizi wana wanasesere wa plastiki kutoka madukani Karatu, wanaopepesa macho, na hakuna anayejua ng'ombe huanzwa kwa nundu. Hilo linaniuma kidogo. Linaloniuma zaidi ni wale wawili, wanaosali kanisa moja na kukaa mabenchi ya mbali.

Juzi nilipofika nilimwambia dada niliyemwona njiani. Alikoroga chai muda mrefu.

"Yeye ndiye aliyekuwa na mikono ya kufinyanga," akasema. "Mimi nilijua kukusanya tu."

Nikaona mlango umefunguka. Nikamwambia nitamshika mkono, twende wote wawili, sasa hivi, kabla rafiki yake hajaingia ndani na kuni zake.

Akaisukuma chai mbele yangu.

"Nenda wewe uliyepanda masale."