Firimbi Haiombi Radhi

Naikumbuka jioni moja ya mpira pale Changamwe, mwanangu, na kila nikiikumbuka hukaa wima kitini, hata mgongo huu ukiniuma vipi. Nyinyi wa leo mnautazama mpira kwenye televisheni, na refa akikosea kosa lake linarudiwa mpaka mtoto mchanga alielewe. Sisi tulikuwa na macho mawili na firimbi, basi. Ulichokiona ndicho, na usichokiona hakikuwako.

Vita vya Hitler vilikuwa vimekwisha, nami nilikuwa nimerudi kutoka jeshini nikapata kazi ya reli hapo hapo Changamwe. Jeshini kulikuwa na sajini mmoja aliyenifundisha sheria za mpira kwa ukali ule ule aliotufundishia bunduki, na nilipoondoka akanipa firimbi yake. Kwa hiyo ukimsikia mtu akisema mimi nilikuwa refa wa kubahatisha, mwambie akalale. Nilizijua sheria zile kama ninavyolijua jina langu.

Basi zikaja habari kwamba Kenya itapeleka timu kushindania kombe na Uganda, Tanganyika na Unguja. Wee! Kila kijana aliyewahi kupiga mpira wa matambara alijiona amekwisha kuvaa jezi ya nchi. Lakini kabla ya nchi kuchagua watu wake, Pwani nayo ilitakiwa ichuje wa kwake, na huku bara ya Mombasa mchujo ulikuwa baina ya Likoni, Kisauni na sisi wa Changamwe. Changamwe ilitolewa mapema, jambo ambalo sipendi kulizungumza hata leo. Wakabaki Likoni na Kisauni, wakapangiwa uwanja wetu kwa kuwa haukuwa na upande. Atakayeshinda ndiye ambaye vijana wake watatazamwa na wateuzi wa timu ya Pwani. Atakayeshindwa akaoge alale.

Kisauni walikuwa na beki wao jina lake Kazungu, kijana mrefu, mguu mgumu kama mpini wa jembe. Wateuzi walikuwa wameshaanza kumtaja. Huyo Kazungu alikuwa kaka yake Dama, na Dama ndiye msichana niliyekuwa nikimposa. Sasa unaanza kunielewa.

Kwetu sisi Wagiriama posa haiendi kwa maneno matupu. Hutangulia kadzama, yaani kibuyu cha tembo la mnazi, ndipo neno lifuate. Kibuyu cha kwanza wazee wangu walikuwa wamekwisha kukipeleka kwa baba yake Dama, Mzee Karisa, na kilipokelewa vizuri. Kilibaki cha pili, cha kulifunga neno. Ndiyo, tulikuwa watu wa kanisa, na mchungaji alilisema vibaya tembo kila Jumapili. Lakini hata yeye alijua kwamba posa bila tembo ni mazungumzo tu.

Siku ya mchezo refa aliyepangwa hakutokea. Watu wamekwisha kujaa. Wa Likoni wamevuka feri, wa Kisauni wamevuka daraja la Nyali wakakikatiza kisiwa kizima kwa miguu, nani angewaambia warudi? Wakanigeukia mimi. Nahodha wa Likoni akapinga, akasema wallahi haiwezekani mkwe wa Kisauni awapulizie. Wa Kisauni wakacheka, wakasema wao hawana neno. Wawe na neno gani, nao walijiona wamepata mchezaji wa kumi na mbili? Nikamwita yule nahodha kando nikamwambia anitazame mchezo mzima, na akiniona nimepinda anipokonye firimbi mbele za watu. Akaridhika.

Mpira ukachezwa, mwanangu. Wengi wao miguu mitupu, vumbi mpaka kooni, milingoti ya goli ni boriti za mikoko na nyavu hakuna. Kazungu siku hiyo alikuwa ukuta. Jua likaanza kulala na hakuna aliyefunga. Kuelekea mwisho, winga mmoja wa Likoni akaupiga mpira wa juu, kipa wa Kisauni kashaanguka, na mpira unakwenda kuingia. Kazungu akaruka. Waliokuwa nyuma yake waliona kichwa. Mimi nilikuwa mbele yake kwa pembeni, na nilikiona kiganja kikitangulia. Akaupangua ukatoka nje, na watu wa Kisauni wakalipuka kwa shangwe.

Nikapuliza. Nikaonyesha mahali pa penalti.

Kelele zilizofuata sijawahi kuzisikia tena. Nilitajiwa mama yangu, nikatajiwa hata bibi yangu. Kazungu akanijia akasimama uso kwa uso nami, ananingoja nibadilike. Sikubadilika. Likoni wakapiga, mpira ukapita katikati ya boriti, na mchezo ukaisha hivyo hivyo. Jezi ya nchi ikamponyoka Kazungu pale pale. Nilimwonea huruma, sikufichi, maana nilimpenda. Lakini ulikuwa mkono. Nilipuliza sawasawa, na ukinipa firimbi kesho asubuhi nitapuliza tena.

Sasa sikiliza ujinga ulipoingilia. Uwanjani nilikuwa refa. Nje ya uwanja nilikuwa kijana anayetaka kuoa. Habari zikaanza kunifikia kutoka Kisauni kwamba Kazungu ameapa dada yake haolewi na mtu aliyewaaibisha mbele ya Likoni. Mama yake Dama naye, nikaambiwa, hasemi lolote. Mwanangu, kimya cha mama mkwe kinatisha kuliko matusi ya uwanja mzima. Chakula kikanishinda. Wenzangu wa reli wakaniona ninavyokonda, wakanishauri: nenda kajishushe, sema jua lilikupiga machoni, wao wafurahi, wewe uoe, nani atakufa? Ushauri wa rika ni mtamu, maana anayeutoa habebi matokeo yake. Na mimi sikumuuliza mzee hata mmoja. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mimi hata huyo mkuu sikumpa nafasi aseme.

Nikaenda kwa mgema nikachukua kibuyu cha tembo, nikakitia begani mwenyewe mpaka Kisauni. Hilo peke yake lilikuwa kosa, kwa sababu kibuyu hupelekwa na wazee, mposaji hujikalia kwao akaomba Mungu. Watu njiani waliniangalia wakatazamana.

Nikapiga hodi. Mzee Karisa alikuwa barazani anasokota kamba ya makumbi ya nazi. Alikuwa mtu mfupi, mzee wa kanisa, maneno yake ya kuhesabu, na mpira hakuwahi kuutazama maishani mwake. Kwake yeye ulikuwa watu wazima kukimbizana bila kuibiana. Kazungu alikuwa ameegemea mlango, mikono kifuani. Nyuma ya nyumba nilisikia mchi unatwanga, nikajua ni Dama. Nilipotoa shikamoo yangu, mchi ukanyamaza.

Mzee akaitikia marahaba, akanikaribisha. Nikakiweka kibuyu mbele yake. Desturi ni kwamba tembo halifunguliwi mpaka aliyelileta aseme limekuja na neno gani, na neno likishatamkwa juu yake ndilo hilo, halibadilishwi.

"Tembo hili lina neno gani?" akauliza.

"Baba, nimekuja kuomba radhi kwa ile penalti. Jua lilinipiga. Nadhani jicho lilinidanganya."

Nilidhani Kazungu atatabasamu. Hakutabasamu, aliangalia chini. Mzee akaendelea na kamba yake kidogo, kisha akaniuliza kama niliuona mkono au sikuuona. Nikaanza kuzungukazunguka, mara vumbi, mara watu wengi. Akaniuliza tena, taratibu, jinsi mtu anavyomuuliza mtoto mgonjwa panapomuuma. Nikasema niliuona.

Akaiweka kamba chini.

"Mimi mpira siujui," akasema. "Lakini kesho binti yangu atakuwa kwako. Atakuwa na haki mbele ya ndugu zako, nao wote watapiga kelele. Utawaambia jicho lilikudanganya?"

Akaniambia kwamba siku ile ya mchezo mwanawe alirudi nyumbani akilia kwa hasira, na yeye baba alimtuliza kwa mdomo huku moyoni anafurahi, kwa kuwa alijua sasa Dama amepata mume asiyenunulika hata kwa Dama mwenyewe. Kisha akanitazama, na macho yake yalikuwa yamejaa huzuni kabisa.

"Na leo umekuja kuninyang'anya mkwe huyo. Hili lingekuwa tembo la Dama ningelionja. La penalti, lirudishe lilikotoka."

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Nikakiinua kibuyu changu, kizito kuliko nilivyokuja nacho, nikatoka. Unajua maana ya kijana kutoka kwa wakwe mchana kweupe na kibuyu kilichojaa begani? Maana yake amekataliwa, na hakuna anayehitaji kutafsiriwa. Wanawake waliokuwa wakiteka maji kisimani walinyamaza nilipopita, na nikishapita nikawasikia wakianza upya. Mzee mmoja akaniuliza kama tembo limechacha. Nilijua nimempoteza Dama, na jambo lililonichoma ni kwamba penalti haikuniponza, niliponzwa na radhi yangu mwenyewe.

Nikasikia hatua nyuma yangu. Nikageuka, ni Kazungu anakuja mbio. Nikasema moyoni, haya, sasa napigwa, na nikaona nastahili. Akanifikia, akakishika kile kibuyu.

"Nipe nikubebee, shemeji," akasema. Tukaenda hatua chache, kisha akasema tena, bila kunitazama, "Ulikuwa mkono."

Akakitia begani yeye, beki wa Kisauni, mbele ya watu wale wale waliomlilia, na kila aliyetuuliza alimjibu hivyo hivyo kwamba ulikuwa mkono. Akanieleza kwamba nilipotoka tu, baba yake alimgeukia akamuuliza, "Na wewe, unangoja nini?" Tulipofika karibu na daraja tukakaa kando ya njia. Tembo lile halikuwa na neno la mtu tena, tukalinywa wawili. Mgema alikuwa amelitia maji, lakini sijawahi kunywa tamu kuliko lile.

Wazee wangu wakaja wakapeleka kibuyu kingine kwa njia yake, neno lake likiwa ni Dama, na Mzee Karisa akalionja. Tukafungishwa ndoa kanisani. Timu ya nchi ilikwenda zake bila Kazungu, na uchungu wake ukapoa. Mchujo mwingine ulipokuja, waliotuma watu kuniomba niwapulizie walikuwa Kisauni wenyewe.

Na siku ile aliyoitaja Mzee Karisa ilikuja kweli. Baba yangu alipofariki, sisi ndugu tulikaa tugawane alichoacha. Kwetu mti ni wa aliyeupanda, hata kama ardhi si yake. Kulikuwa na minazi nyuma ya nyumba ambayo Dama aliipanda alipokuja kwetu, akaikuza kwa maji ya kubeba kichwani wakati wa kiangazi. Ndugu zangu wote wakasema minazi ile ilikuwa ya marehemu mama yetu. Walisema kwa sauti kubwa, na kaka yangu mkubwa ndiye aliyewaongoza. Mashahidi waliokuwapo Dama akipanda walikuwa wamekwisha kufa, nimebaki mimi. Dama alikuwa amekaa mkekani, hakujitetea. Alinitazama tu.

Nikasimama nikasema, "Niliona. Dama ndiye aliyepanda."

Kaka yangu hakunisemesha misimu mingi, na hilo liliniuma sana kwa kuwa yeye ndiye aliyenilea. Lakini minazi ilibaki ya Dama, akawasomesha wanangu kwa nazi zake. Jioni ile ya kikao alinipakulia chakula, akakaa kando yangu mpaka nikamaliza, akasema, "Leo nimejua niliolewa na nani."

Basi, mwanangu, ukiwa na kosa, omba radhi upesi na kwa moyo wote, wala usione haya, kwa kuwa muungwana akivuliwa nguo huchutama. Lakini ukweli usiuombee radhi. Useme kwa upole, useme kwa heshima, shikamoo yako ikitangulia, lakini useme. Wanaokupigia kelele leo ndio watakaokuita kesho wakitaka mtu wa kuaminika, na hata wasipokuita, yuko mmoja kwenye mkeka anayekutazama, hana mwingine. Usimwangushe huyo ili uwapendeze wengi. Na jambo likikuzidi, usiulize rika lako peke yake. Watafute waliokutangulia, ambao mambo kama hayo yamekwisha kuwauma.

Mungu akupe macho mazima na kifua cha kulisema uliloliona. Akupe nyumba ambayo walio dhaifu ndani yake wanalala wakijua uko upande wao. Enenda salama, mwanangu, na baraka zangu zikufuate popote.