Mji Alionipa Zuhura

Juzi mjukuu wangu Rehema alikuwa akikariri Kiingereza. Neno moja tu, "get", kumbe ni kupata, ni kufika, hata kuamka na kutoka! Nikamkumbuka Zuhura binti Salumu.

Tulikaa nyumba moja Kariakoo. Yeye akisoma shule, mimi sikupelekwa. "Get up! Get out! Get water!" ananiamrisha, akinisukumia ndoo, wenzetu wanacheka, nami nikidhani "get" ni tusi la Kizungu. Kisasi kikanikaa kifuani.

Alasiri moja tulikuwa uani na mama zetu, tunamenya vitunguu vya pilau ya arusi. Nikamgeukia.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Namvua nguo yeye, nalia mimi."

Zuhura akafikiri weee, kitunguu kimo mkononi, machozi yanamchuruzika. Akashindwa.

"Haya, nipe mji!"

"Chukua Tanga."

"Tanga siutaki. Nipe Dar es Salaam."

Akanipa. Nikatamba: "Nimeingia Dar es Salaam, nimekula, nimeshiba, na Zuhura binti Salumu ndiye anayenichotea maji bombani!"

Mama zetu wakacheka mpaka wakashika mbavu, mama yake mbele. Zuhura akakimbilia ndani.

Mji wenyewe sijamrudishia mpaka leo.