Upande wa Nyuma wa Kitambaa

Mimi leo nina malori matatu na nyumba ya mawe, na sikupita darasa la tatu. Nalisema hili mapema ili anayesoma ajue anazungumza na nani. Wapo waliosoma mpaka wakavaa miwani, na hao ndio wanaonijia asubuhi kuniomba niwabebee mahindi. Lakini ukitaka kujua nani alileta habari za sinema Busia, waulize wazee waliobaki. Watakuambia ni mimi.

Siku zile, bendera ikiwa bado mpya, nilikuwa nabeba watu kwa baiskeli kutoka kizuizi cha upande wetu mpaka kizuizi cha Uganda. Keria yangu ilikuwa na mto wa sufi, kitambaa chekundu, umeshonwa na fundi wa kweli. Wengine waliwakalisha abiria juu ya gunia. Mimi, mto. Jumamosi nilifunga kazi mapema, nikanyonga baiskeli mpaka Tororo, nikalipa, nikakaa kwenye kiti chenye mgongo, nikatazama sinema kama mtu.

Jumapili nilikuwa na kazi nyingine: kusimulia. Tulikutana katika hoteli ya chai ya mzee mmoja Mwislamu, jirani na soko, na kabla sijavuta kiti alikuwa ameshauliza.

“Haya kijana, jana wameuana wangapi?”

“Mzee, hawahesabiki. Bastola moja, risasi sita, wamekufa watu ishirini.”

“Na farasi?” Huyo alikuwa mchinjaji, rafiki yangu, aliyekuja na damu bado kwenye kucha.

“Farasi mzima.”

“Basi farasi ndiye mwenye akili pale.”

Sinema za Kihindi ndizo zilizowafurahisha zaidi. Niliwaeleza jinsi binti anavyoanza wimbo kwenye mlima huu, akifika ubeti wa pili yuko mlima mwingine na sari imegeuka rangi. Mchinjaji aliuliza nani alikuwa anambebea sanduku la nguo. Mzee akasema mimi ningefaa, kwa vile nina keria. Kihindi sikujua hata neno moja, lakini nilitafsiri kila kitu, nani amekataa posa na nani amemlaani nani, na hakuna aliyenibishia. Nilizoea kutobishiwa. Huko ndiko tabu yangu ilikoanzia.

Nilikuwa na kaka mkubwa. Alivuka mpaka kutafuta kazi kwenye viwanda vya pamba, akatuma barua mbili, halafu kimya. Miaka sita. Tulisikia yuko Jinja, tukasikia amekwenda Kongo na malori, tukasikia ameuawa huko, tukasikia si yeye. Baba alikuwa ameshakufa, kwa hiyo mwenye neno nyumbani alikuwa baba mdogo. Mwaka ule ng’ombe wake wanne walikufa, na mtoto wa binti yake akafa, naye akasema wazi kwamba kaka yangu analia kwa sababu hajazikwa. Kwetu, mtu akifia kusikojulikana, hukatwa mgomba wenye urefu wake, ukavikwa sanda, ukalazwa kaburini, ukaliliwa. Baada ya hapo ni marehemu. Hata akirudi na miguu yake, boma halimpokei kama mtu aliye hai.

Mama alikataa. “Mnataka nimuue mwanangu kwa panga?” Hilo tu ndilo alilosema, kila walipomwita.

Nami, niseme ukweli, nilitaka azikwe. Nilikuwa na mchumba kijiji cha Sigalame, na mdogo haoi wala hajengi kabla ya mkubwa wake. Kaka akizikwa, njia yangu ingefunguka. Baba yake msichana alikuwa ameshaniambia kwamba binti yake si kibanda cha soko, cha kufungwa kikingoja mpangaji. Siku ya mgomba ilipangwa, Jumamosi, na shimo lilianza kuchimbwa.

Jumatatu ya wiki hiyo gari la sinema lilifika Busia. Lilikuwa likizunguka masokoni kuonyesha picha za bure, za sabuni, za kunawa mikono, za kilimo, na katikati kichekesho cha mtu anayeanguka anguka. Walisimamisha nguzo mbili uwanjani, wakafunga kitambaa cheupe, na giza lilipoingia tu jenereta ikanguruma. Watu walijaa kama siku ya mnada. Mimi nilikuwa mstari wa kwanza na wenzangu, nawaeleza kabla picha haijafika. Mama alikuja na wanawake wa kwetu. Hakuwa ameona sinema maishani. Mbele hapakuwa na nafasi, vijana wanasukumana, kwa hiyo wale wanawake wakazunguka wakakaa chini upande wa nyuma wa kitambaa, ambako picha ilipenya vilevile na hewa ilikuwa nzuri. Nilimwona akipita. Ningeweza kumpa nafasi yangu. Sikumpa.

Picha ya tatu ilikuwa ya pamba. Watu wanachuma, watu wanapima, kisha mtu mmoja mrefu anainua gunia, analirusha ndani ya lori, anapanguza jasho la uso, analirusha lingine. Halafu anarukia nyuma ya lori, nalo linaondoka na vumbi, dereva ametoa mkono dirishani anatupungia. Ni kitambo kidogo sana. Nilikuwa namwambia mchinjaji kwamba yule mtu amelipwa kujifanya ana nguvu, ndipo nikasikia ukelele nyuma ya kitambaa, nikajua sauti ya mama.

“Ni yeye! Mkono wake! Ni yeye!”

Kaka alikuwa mashoto. Baba alimchapa utoto wote kwa kula kwa mkono wa kushoto, akamfunga kamba mkono huo kiunoni, akashindwa. Mama alimwona yule mtu akirusha kwa kushoto, akipanguza uso kwa kushoto, na urefu ule, na shingo ile.

Asubuhi hoteli ilikuwa haina pa kukaa. Kila mtu alikuwa na maoni. Mmoja alisema masikio ni ya ukoo wetu. Mwingine alisema yule alikuwa mnene mno. Mchinjaji aliona kovu, ingawa kaka hakuwa na kovu. Mzee wa hoteli akanigeukia mbele ya wote.

“Wewe ndiye mjuzi. Sema.”

Uso wa yule mtu sikuwa nimeutazama, wala mkono wake. Nilikuwa nikiongea. Lakini watu thelathini walikuwa wakiningoja.

“Ni yeye,” nikasema. “Mimi sinema nazijua. Sinema haidanganyi.”

Maneno yakafika kwa baba mdogo kabla chai yangu haijapoa. Akaniita.

“Sinema ni vivuli vya wazungu,” alisema. “Lakini sitaki kuzika mtu mzima. Nenda ukaangalie tena, wewe mwenyewe, na macho yako. Jumamosi uje uniambie mbele ya wazee. Ukisema si yeye, tunaendelea.”

Mama alikuwa ameacha kula tangu usiku ule. Nilimletea uji, akausogeza pembeni. “Nikila nitasinzia, nikisinzia nitaisahau sura yake. Nipeleke nikamwone tena, baba.” Aliniita baba pale tu alipokuwa hana mwingine wa kumwomba.

Gari la sinema lilikuwa limekwenda Malaba. Tulifika Malaba Jumatano, likawa limeshaondoka kwenda Kocholia. Tulifika Kocholia, wakatuambia limerudi kusini asubuhi ile, liko njiani kwenda Khunyangu. Mimi naweza kunyonga baiskeli na magunia mawili na mtu juu yake, lakini siku zile tatu zilinishinda. Mvua ilikuwa imeharibu barabara, tairi la nyuma likapata pancha mara mbili, na mama nyuma yangu alikuwa mwepesi kila siku kuliko jana yake. Mapajani alikuwa amebeba simsim za kukaanga, ufuta wa shambani kwake, amezifunga kwenye kitambaa. Nilimwambia azile. Akasema si zake.

“Mama, yule yuko ndani ya picha. Hawezi kula simsim.”

“Najua. Mimi si mjinga. Lakini wenye picha watakuwa wanajua aliko.”

Tulifika Khunyangu Ijumaa alasiri. Nguzo zilikuwa zimesimama, kitambaa bado. Nilimkalisha mama kwenye kivuli cha duka, nikaenda kwa bwana wa sinema, kijana nadhifu mwenye suruali ya pasi, aliyekuwa akipangusa mashine yake. Nikamwambia shida yetu yote. Alisikiliza vizuri. Akasema picha ile ilipigwa zamani, hajui ni wapi wala watu wale ni akina nani, lakini jioni ataionyesha.

“Ila huyo wa magunia,” akasema, “si mashoto.”

“Ni mashoto. Mama amemwona.”

“Mama alikaa wapi?”

“Nyuma ya kitambaa.”

Hakucheka. Ingekuwa afadhali angecheka. Akatoa mkanda wa ile picha, akauvuta urefu wa mkono, akauinua kwenye mwanga wa jua. Mle ndani kulikuwa na mtu mdogo kama punje ya maharagwe, amenyanyua gunia kwa mkono wa kulia. Kisha akaugeuza mkanda, nyuma ikawa mbele. Yule mtu akawa amenyanyua kwa kushoto.

“Anayekaa nyuma huona hivi,” akasema. “Pole, bwana.”

Niliushika ule mkanda mwenyewe, nikaugeuza, nikaugeuza tena. Kulia. Kushoto. Miaka yote ya Tororo, viti vyote vile nilivyolipia, sikuwahi kujua. Nilisimama pale na maneno ya kusema Jumamosi yakiwa mikononi mwangu. Njia yangu ya Sigalame ilikuwa wazi.

Niliporudi, jua likizama, mama hakuwepo kivulini. Wanawake wa Khunyangu walikuwa wamesikia safari yake, wakamchukua, wakamkalisha mstari wa mbele kabisa, katikati, juu ya mkeka. Walikuwa wamemfukuzia vijana wote. Alikuwa amekaa wima, mashavu yameingia ndani, kile kifurushi mapajani, akikitazama kitambaa ambacho bado hakikuwa na kitu. Sijawahi kuona mtu akitazama kitu hivyo, na mimi nimeona watu wakingojea maiti.

Jenereta ikanguruma. Nikapita juu ya miguu ya watu.

“Mama, twende nyuma.”

“Kwa nini? Hapa ni pazuri.”

“Hapa mwanga ni mkali, utaumiza macho. Nyuma ndiko ulikomwona.”

“Mwache mama yako!” mwanamke mmoja alinifokea. “Wewe kijana gani, unamtoa mzee mahali pazuri?”

Nilimwinua mama kwapani, akaja, kwa sababu aliamini kwamba mambo ya sinema nayajua. Tukakaa nyuma, sisi wawili na mbuzi wa mtu. Sabuni ikapita, mtu wa kuanguka akaanguka, kisha ikaja pamba. Yule mtu akainua gunia kwa kushoto, akapanguza uso kwa kushoto. Safari hii nilimtazama. Alikuwa mtu mwingine kabisa. Hata shingo haikuwa yake. Mama alinishika goti akalibana mpaka lori likaondoka na dereva wake na mkono wake dirishani.

“Umemwona?”

“Nimemwona, mama.”

Akafungua kile kitambaa, akala simsim, polepole, moja moja, kisha konzi nzima.

Jumamosi wazee waliniuliza ni mkono gani, nikasema wa kushoto. Sikusema uongo. Nilikaa nyuma, nikaona kushoto. Nimejirudia hivyo maisha yangu yote. Shimo lilifukiwa likiwa tupu. Mchumba wangu wa Sigalame aliolewa kabla ya mvua za masika, na mwanamume mwenye duka la mafuta ya taa. Hotelini nilikoma kusimulia. Walidhani ninaringa.

Mama aliendelea kungoja. Kila mavuno alikaanga simsim, akaziweka kwenye chupa, mwaka ukipita akazimwaga, akakaanga nyingine. Nami nikazama kazini kama mtu anayekimbizwa. Baiskeli moja ikawa nne, nne zikawa gari bovu, gari bovu likawa lori, na muongo ule haukuwa umekwisha. Lori langu la kwanza! Busia yote ilitoka kulitazama. Nilimpandisha mama mbele, akiwa amevaa leso mpya, nikakamata usukani, tukashika barabara ya Malaba nikipiga honi kwa kila mtu niliyemjua.

Alikuwa anacheka. Akauweka mkono wake dirishani, nje, akipungia wanawake waliokuwa wakilima. Halafu akauangalia ule mkono. Akaniangalia mimi, nilivyokaa, upande ule mwingine. Akaurudisha mkono ndani, akautoa tena.

“Kwenye sinema,” alisema, “mkono wa dereva ulitokea dirisha hili.”

Nikabadilisha gia bila sababu.

“Malori yote yako hivi? Dereva ni upande huo?”

“Yote, mama.”

“Na wewe ulijua. Ndiyo maana ulinitoa mkekani.”

Nikaendelea kuendesha. Sikupiga honi tena. Tulipofika Malaba sikuzima injini, nikageuza palepale, tukarudi, na njia nzima aliuweka mkono wake wa kushoto juu ya paja, akiufunika kwa ule wa kulia.

Nyumbani alishuka bila kunishika. Akaingia ndani, akatoka na chupa ya simsim za mwaka ule, akawamwagia kuku. Kisha akaniambia nikachukue panga, niende kwa baba mdogo, nimwambie achague mgomba. “Mrefu,” alisema. “Alikuwa mrefu.”